Kuwaachia mashabiki wajipangie bei ya albamu

Ndugu, unauliza kama bendi yenu iwaachie mashabiki wajipangie bei ya albamu mpya, kama bendi ya Uingereza, Radiohead. Msiige nusu. Oktoba 2007 waliweka albamu yao In Rainbows kwenye tovuti yao, ulipe utakacho, hata sifuri. Wengi hukumbuka hapo tu, wakasahau kasha la paundi 40 lililouzwa papo hapo, lenye santuri na CD ya nyimbo za ziada. Tena jina walikuwa nalo tayari.

Wa kuwasoma ni Nine Inch Nails, bendi ya Marekani. Machi 2008 walitoa albamu Ghosts I–IV: nyimbo 9 za mwanzo bure, zote 36 kwa dola 5, na toleo la dola 300 lenye sahihi ya Trent Reznor, kiongozi wa bendi, nakala 2,500 tu, zikaisha upesi. Mwenye dola 5 hakunyimwa wimbo hata mmoja. (Mashabiki hawachukii bei kubwa, wanachukia kufichwa.)

Kwa hiyo toeni nyimbo mbili tatu bure, albamu nzima kwa bei ndogo inayojulikana, na nakala chache za kusainiwa. Ila tangazeni zote siku moja. Shabiki akinunua leo, mwezi ujao akaona toleo lenye nyimbo za ziada, atajiona kaibiwa.