Marry My Husband: usiishie kwenye mateso, ila usitegemee sana mapenzi

Mleta uzi umeuliza kwa nini wanawake wengi wanaikesha Marry My Husband, na kama uimalizie katuni au uhamie kwenye tamthilia, maana umeishia sura za mwanzo ukachoshwa na mateso ya yule dada. Mimi katuni nimeisoma mara mbili, na tamthilia nimeitazama na mdogo wangu sehemu zote 16. Nitajibu kwa urefu kwa sababu ilinigusa mahali ambapo sikutegemea.

Kwa wasioijua: ni hadithi ya Korea Kusini, ilianza kama riwaya ya mtandaoni ya Sung So-jak, ikachorwa kuwa webtuni, yaani katuni ya kusomwa mtandaoni, kisha kituo cha televisheni cha tvN kikairusha kama tamthilia kuanzia Januari hadi Februari 2024. Kang Ji-won ni mfanyakazi wa kampuni, ana saratani ya tumbo, na mumewe Park Min-hwan hana habari naye. Siku anayorudi nyumbani anamfumania mume na Jung Su-min, shoga yake wa tangu shule. Zogo linazuka, mume anamuua. Anapofumbua macho amerudi miaka kumi nyuma. Hajaolewa bado, Min-hwan ni mchumba tu. Polepole anagundua kanuni moja: lililokwisha kuandikwa lazima litokee, lakini linaweza kumwangukia mtu mwingine. Basi anaamua kwamba ndoa ile aichukue Su-min. Ndiyo maana ya jina, "Olewa na Mume Wangu".

Sasa kuhusu kuchoka kwako. Wasomaji wa Korea wana maneno mawili ya kuzungumzia hadithi hizi. Goguma ni kiazi kitamu, na sura ya goguma ni ile inayokukaba kooni kama kiazi kikavu ulichokula bila chai. Saida ni soda, ile inayokuja kukishusha. Hadithi za kurudi nyuma, wenyewe wanaziita hoegwi, zinaishi kwa kupishanisha hivyo viwili. Wewe umetoka mezani na kiazi kikiwa kooni. Endelea mbele kidogo, soda inakuja, na inakuja nyingi.

Lakini kilichonishika mimi ni Su-min.

Nilikuwa na rafiki tangu kidato cha pili. Kila nilipompata mtu mpya wa kuongea naye, yeye alikuwa na neno juu yake: huyu mnafiki, yule anakusema. Alinichagulia nguo, na nilikuja kuona baadaye kwamba nilizopendeza hakuzipenda. Rafiki huyo hakumgusa mchumba wangu. Alichoninyang'anya ni watu. Nilipofika miaka ishirini na kitu sikuwa na mtu wa kumpigia simu usiku isipokuwa yeye, na nilimshukuru kwa hilo! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nikawa naitamka methali hiyo miaka yote bila kujitazama nguo.

Su-min anamwita Ji-won nusu yake. Anamkumbatia mbele za watu, anambembeleza, kisha anatoka hapo kwenda kumchafua. Katika tamthilia kuna mkutano wa waliosoma pamoja, ambapo Ji-won anagundua kwamba upweke wake wote wa shule ulitengenezwa na mkono wa mtu mmoja. Anasimama mbele ya wanafunzi wenzake wa zamani na kusema yaliyotokea. Mdogo wangu alisitisha video akanitazama. Sikuweza kusema kitu. Mume mbaya tumeshamsoma katika hadithi elfu moja, na Min-hwan hana jipya: mbinafsi, anapenda pesa, analindwa na mama yake. Rafiki wa namna hii ndiye sikuwahi kumwona ameandikwa kwa undani kiasi hicho.

Namna katuni yenyewe inavyosomwa inasaidia pia. Webtuni huchorwa kwa ajili ya simu, hakuna kufunua kurasa, unavuta kwa kidole kwenda chini. Ile nafasi tupu kati ya picha na picha inafanya kazi ya ukimya. Unavuta, hakuna kitu, unavuta tena, halafu uso wa mtu aliyekusaliti akitabasamu. Tamthilia ina muziki na ina waigizaji wazuri, hasa Song Ha-yoon aliyeigiza Su-min, lakini ule ukimya wa kidole chako mwenyewe haina.

Kasoro zipo, na kubwa kuliko zote kwangu ni Yu Ji-hyuk, mwanaume anayempenda Ji-won katika maisha yake ya pili. Ni bosi wake kazini, ni mjukuu wa mwenye kampuni, ana sura, ana fedha, ana subira, hakosei. Tamthilia inakwenda mbali zaidi: naye amekufa akarudi. Wanatambuana kupitia BTS, kundi la muziki la Korea lililotoa wimbo wake wa kwanza Juni 2013, kwa hiyo kwa wakati ule hakuna aliyepaswa kulijua. Tukio lenyewe ni tamu, nilifurahi nalo. Shida ni kinachofuata. Ji-won alikuwa anajikomboa kwa akili yake na kumbukumbu zake, sasa kila anapokwama kuna mtu mwenye gari zuri anayejua anachokijua yeye. Mwanamke aliyeumizwa na watu wawili waliomwamulia kila kitu nilitamani nimwone akijaribu mapenzi na mtu wa kawaida, wakosane, wajifunze. Penzi la Ji-hyuk halimwombi chochote. Linatolewa kama zawadi ya mwisho wa mwaka.

Kasoro ya pili inanisumbua zaidi kadiri ninavyoifikiria. Kanuni ya kwamba baya lazima limpate mtu ni wazo zito mno. Linapowaangukia Min-hwan na Su-min tunashangilia. Lakini ule ugonjwa je? Katika tamthilia saratani inamwangukia Yang Ju-ran, mfanyakazi mwenzake, mama mpole anayenyanyaswa ofisini na nyumbani. Hapo ndipo hadithi ingekuwa kubwa kweli: Ji-won akikaa na mtu asiye na hatia aliyebeba kifo chake. Hadithi inaligusa, Ji-won analia, anahangaika Ju-ran aende hospitali mapema, kisha mbio za kisasi zinaendelea. Ningetoa sehemu tatu za visasi nipate moja ya hao wawili wakiongea.

Kingine, jinsi hadithi inavyosonga, wabaya wanakuwa wajinga. Mwanzoni Su-min anatisha kwa sababu anaweza kuwa mtu yeyote unayemjua. Mwishoni anapiga kelele na kupanga mauaji, na woga wangu ukaisha. Tamthilia ikiwa imeshavuka nusu inaletwa Oh Yu-ra, aliyekuwa mchumba wa Ji-hyuk, na kwangu alikuja kurefusha safari tu.

Kuna aliyeandika hapa juu kwamba kisasi chote hiki ni cha kitoto, kwamba angewashtaki. Kwa kosa gani? Uzinzi ulikuwa kosa la jinai Korea Kusini, kifungo hadi miaka miwili, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoifuta sheria hiyo Februari 2015. Katika tamthilia Ji-won anawafumania mwaka 2023, sheria imekwisha. Anarudi 2013, sheria ipo, lakini hajaolewa, kwa hiyo haimsaidii. Sisemi sheria ile irudi. Nasema naelewa kwa nini wasomaji wanataka kuiona hukumu hiyo ikitolewa angalau kwenye hadithi. Na mambo ya ukweni wala hayahitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili: mama mkwe anayehesabu kazi za mke wa mwanawe, ambaye kwake mume akikosea, mke ndiye wa kulaumiwa. Hapo tulikuwa tunatazama mimi na mdogo wangu huku tukitaja majina ya watu tunaowajua.

Kwa hiyo ushauri wangu: malizia katuni kwanza, hasa nusu ya kwanza, usome taratibu. Tamthilia itazame kwa ajili ya Park Min-young, aliyeigiza Ji-won, na Song Ha-yoon wakiwa chumba kimoja, na ukifika pale Yu-ra anapoingia usijilazimishe. Kuna toleo la Kijapani pia la mwaka 2025, sijalitazama.

Mara ya pili niliposoma niliziruka sura nyingi za Ji-hyuk. Nilizitafuta zile ambazo Ji-won yuko na wanawake wenzake wa kazini, anaanza kuzoea kuwa na mtu wa upande wake asiyemdai kitu. Zile nilizisoma polepole. Wiki hiyohiyo nilimwandikia msichana mmoja tuliyesoma naye, ambaye niliacha kuongea naye tukiwa kidato cha tatu kwa sababu niliambiwa ananisema. Alijibu baada ya siku mbili. Aliniuliza, "Nilikukosea nini?"