Kuunganisha rekodi mbili za watazamaji: shughulikia mwendo kabla ya yote

Mkuu, umesema una rekodi mbili za onyesho moja la Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, la mwaka 1977, zote zimenaswa na watazamaji kwa kaseti, na kila ukizicheza pamoja sauti inakuwa kama inatoka ndani ya bomba. Kazi hii naipenda na nimeifanya kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Wengi watakwambia uanze na ikwalaiza, kile chombo cha kupandisha na kushusha besi na sauti kali. Iache kwanza. Kinachokusumbua ni muda. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita inakula kama milisekunde 3. Aliyesimama mita 15 kutoka kwenye spika na aliyesimama mita 32 wanapishana milisekunde 50 kwa pigo lile lile la ngoma. Hilo ni jepesi, unasogeza faili moja basi. Kazi iko kwenye kaseti zenyewe, maana hazikukimbia mwendo mmoja. Kinasa ambacho betri zake zilikuwa zinakwisha kilivuta utepe polepole. Leo ukiucheza kwenye deki nzima, bendi inakwenda mbio na gitaa limepanda. Tofauti ya asilimia 1 tu inazaa sekunde 36 ndani ya saa moja.

Ninavyofanya mimi, natafuta pigo kali la ngoma karibu na mwanzo wa upande wa kaseti, na jingine karibu na mwisho, halafu napima umbali kati yake katika kila rekodi. Tuseme moja inatoa sekunde 2,400 na nyingine 2,412: hapo kuna nusu asilimia ya kurekebisha. Usipime kwa makofi hata siku moja! Makofi yanatoka kwa watu waliokuwa karibu na kila maikrofoni, hayatoki kwenye spika za jukwaa, kwa hiyo yatakudanganya. Na kwa kuwa Grateful Dead wa mwaka 1977 walikuwa na wapiga ngoma wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, chagua pigo lililosimama peke yake. La sivyo utajikuta umemfuata Bill kwenye rekodi hii na Mickey kwenye ile.

Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kuna chombo cha kubadili kasi na kingine cha kubadili tempo, yaani mwendo bila kugusa noti. Tumia cha kasi. Utepe ukienda mbio, muda na noti hubadilika pamoja, basi na marekebisho yawe ya pamoja. Cha tempo hukatakata sauti na kuiunga upya, na matoazi huanza kulia vibaya. Baada ya hapo nenda wimbo kwa wimbo, kwa sababu kaseti haipotei kwa kiwango kimoja mwanzo hadi mwisho.

Rekodi ipi iwe kiongozi? Sikiliza ukimya kati ya nyimbo. Mara nyingi utakuta muungurumo wa umeme kutoka kwenye vipaza sauti vya jukwaani, na umeme wa Marekani ni hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), si 50 kama wa kwetu. Ukiusoma 60.6, rekodi hiyo inakimbia kwa asilimia 1.

Sasa hilo bomba. Rekodi mbili zenye nguvu sawa zikipishana milisekunde 1, zinafutana kwenye hezi 500, 1,500, 2,500 na kuendelea. Na hata ukizipanga vizuri kabisa, kila maikrofoni ilipokea mwangwi wake wa ukuta, hivyo kupishana hakuishi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaochanganya nusu kwa nusu. Mimi naacha rekodi moja ibebe muziki, ya pili naishusha desibeli 10 hivi. Au nachukua besi, chini ya hezi 200, kutoka kwenye rekodi ambayo Phil Lesh, mpiga gitaa la besi wa bendi, anasikika safi, na mengine yote kutoka kwenye ile nyingine. Huko chini mawimbi ni marefu, zaidi ya mita 1.7, kwa hiyo kosa dogo la muda halidhuru sana.

Lakini kusema kweli, faida kubwa ya rekodi ya pili ni kuziba mapengo. Kaseti ya dakika 90 inageuzwa kila dakika 45, na wanasaji wawili, yaani watazamaji walionasa onyesho, hawakugeuza kwa wakati mmoja. Wimbo uliokatika kwa huyu uko mzima kwa yule. Ingia na kutoka kwenye pigo la ngoma, na hapo ndipo ikwalaiza ina kazi, ili kiraka kifanane na kitambaa.

Ukija kupata rekodi za baada ya Oktoba 1984, bendi ilipoanza kuwatengea wanasaji sehemu yao nyuma ya meza ya sauti, utapumua: maikrofoni nyingi zilisimama karibu karibu.

Faili za awali usiziguse. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, na ambatanisha maandishi yanayoeleza ulichotoa kwenye kila rekodi na kasi uliyobadili, ili mwingine aweze kuanza upya. Halafu usiuze, bendi yenyewe iliruhusu watu wanase na wabadilishane bila biashara.

Weka hapa dakika mbili za kila rekodi, wimbo ule ule, nikupimie tofauti ya kasi.