Oblivion: mfumo gani wa kupanda levo?

Mkuu nimekuelewa, umechoka kuhesabu skili kwenye gemu ya Oblivion ili upate ile +5 ya sifa kama nguvu au akili kila ukipanda levo, na hujui uweke modi (nyongeza ya gemu iliyotengenezwa na wachezaji) ya nGCD au ya Oblivion XP, ambazo zote zinabadili jinsi ya kupanda levo. Hata mimi nilishawahi kucheza na karatasi pembeni kama mhasibu, we acha tu.

Kama unapenda skili ikue kwa kuitumia, weka nGCD, yenyewe inapiga hesabu ya sifa na levo kimyakimya kutokana na skili zako, hata kulala kitandani ili upande levo hakuna tena. Oblivion XP inakupa pointi za uzoefu ukiua adui au ukimaliza kazi, alafu ukipanda levo unapata pointi za sifa na skili unazozigawa mwenyewe, sasa hiyo inamfaa anayetaka kupanga kila kitu. Mimi ningeenda na nGCD.

Ila usiziweke zote mbili! Zinagombania levo ileile. Anza na mhusika mpya, na kama lazima uendelee na wa zamani basi tunza sevu moja pembeni kabla hujagusa kitu. Pia kumbuka adui wanapanda levo na wewe, kwahiyo ukipanda haraka kwa skili za kuongea na kufungua kufuli utachapika. Gemu ikianza kukwama, waulize waliotengeneza modi, soma maelezo yao kwanza lakini.