Jibu: Talaka na mgao wa nyumba, Kondoa

Dada, umeuliza kama mdogo wako aliyeandikiwa talaka na kupewa kitoka nyumba (zawadi ya kumuaga mke anayeachwa) hana chake kwenye nyumba kwa kuwa "alikuwa wa kupika tu". Anacho. Aanzie baraza la usuluhishi la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), apate hati kwamba usuluhishi umeshindikana, kisha afungue shauri Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaangalia mchango wa kila mmoja, na mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif (nao walikuwa Waislamu!), Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango. Nusu kwa nusu asiitegemee. Atafute risiti za mabati, na jirani aliyemwona akisomba maji ya kufyatulia tofali aje atoe ushahidi.