Shirika la Uingereza linataka majina ya wadhamini wetu: tuwape akina nani?

SWALI: Shikamoo Wakili. Tuna vikundi vinne: Mikindani na Msimbati kwa upande wa Mtwara, Kilwa Masoko na Lindi Mjini kwa upande wa Lindi. Tunatoa elimu ya uzazi wa mpango na kulinda mikoko na bahari, na sasa tunataka kuwa mtandao mmoja. Shirika la Uingereza linalotaka kushirikiana nasi limeomba majina ya wadhamini wetu. Wapo wanaosema twende kwanza RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na wapo wanaotaka tuweke wakubwa ili tupate uzito. Mwenyekiti wetu ndiye mratibu pia. Tufanyeje? – Katibu, Mikindani.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na neno lenyewe, maana hilo limeshapoteza vikundi vingi huku kusini.

Uingereza, wadhamini wa shirika la hisani ndio wanaoliongoza. Wanapitisha bajeti, wanamwajiri mkurugenzi na kumsimamia, na mambo yakiharibika wao ndio wanaoulizwa na tume ya serikali inayosimamia mashirika hayo. Kwa kawaida hawalipwi mshahara; wanarudishiwa gharama walizotumia. Kwetu, ukisema bodi ya wadhamini, mwanasheria anawaza watu waliosajiliwa RITA kwa Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, ili washike mali kwa niaba ya msikiti, kanisa au chama. Kwa hiyo wenzenu hawaulizi nani ameshika hati ya kiwanja. Wanauliza nani anamwajibisha mratibu wenu. Jibu lake ni bodi ya wakurugenzi, na katika barua mweleze hivyo waziwazi.

Je, lazima mpitie RITA? Mkisajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, hapana. Cheti cha Msajili kinalipa shirika utu wa kisheria: linamiliki mali, linashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kwa kuwa mnavuka mikoa miwili, ombeni usajili wa ngazi ya taifa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri atawaonyesha pa kuanzia.

Sasa tuje kwa watu, na hapa nataka unisikilize vizuri. Nimewahi kuitwa kusaidia asasi moja ya pwani yetu ambayo bodi yake ilisheheni majina makubwa, wengi wao wakaazi wa Dar es Salaam. Nilipofungua daftari la mihtasari nikakuta vikao vitatu vimesainiwa kwa kalamu moja, na saini mbili zina mkono mmoja. Asasi ilikuwa imenunua mashine ya boti ya doria. Kwenye vitabu ilikuwa ya nguvu za farasi 40. Aliyegundua kasoro ni mjumbe mpya, mkunga mstaafu ambaye hajawahi kuendesha boti. Alimuuliza nahodha tu, "Hii iliyopo ufukweni ni ya ngapi?" Nahodha akajibu, "Kumi na tano, mama." Kikao kilinyamaza. Wale wakubwa walikuwa na heshima zao, lakini hawakuwa na nafasi ya kuja ufukweni, na ufukweni ndiko pesa ilikokwenda. Mkubwa anayewapenda kweli mfanyeni mlezi; ulezi hauhitaji kura.

Kwa kazi yenu mahususi, bodi ya watu saba inatosha, na isiwe ya watu wa bahari watupu. Tazama Lindi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 864,652 na ya 2022 ikahesabu 1,194,028. Hao zaidi ya laki tatu walioongezeka wanahitaji kuni, samaki, mashamba na zahanati, tena pwani ile ile. Bodi ikijaa watu wa mikoko, uzazi wa mpango utageuka kipengele cha kumridhisha mfadhili, na ikijaa wauguzi, mikoko ndiyo itakayosahauliwa. Kule Mahale, Ziwa Tanganyika, mradi wa Tuungane uliunganisha The Nature Conservancy, ambao ni watu wa hifadhi, na Pathfinder International, ambao ni watu wa afya ya uzazi, kwa sababu hakuna upande uliokuwa na ujuzi wote. Ninyi fanyeni hivyo ndani ya bodi yenyewe: muuguzi au mkunga, mvuvi wa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi), mtu wa Msimbati anayezijua kanuni za Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, mhasibu ambaye hana ndugu ndani ya ofisi, na kijana wa kike mwenye kura kamili. Huyu wa mwisho nampigania kila mara. Mnazungumzia lini azae na wangapi, halafu kikaoni anapewa kazi ya kugawa chai!

Kuhusu mwenyekiti wenu, hawezi kuvaa kofia zote mbili. Mratibu anatekeleza na mwenyekiti anamhoji. Mtu hajihoji mwenyewe. Achague moja. Akibaki mratibu, ahudhurie vikao kama katibu asiye na kura, na atoke nje bodi inapojadili malipo yake. Katiba ieleze pia kwamba mjumbe mwenye maslahi katika jambo, mathalani boti ya mjomba wake inakodishwa, atamke kabla ya mjadala na asipige kura. Muda wa kukaa uwe miaka 3, na wasiondoke wote mwaka mmoja.

Posho? Lipeni nauli na chakula, kwa stakabadhi. Anayetoka Kilwa Masoko kuja Mtwara asitoe mfukoni, ila kikao kisigeuke ajira.

Barua kwa Uingereza isiende wiki hii. Itisheni kwanza mkutano wa vikundi vyote vinne, mchague bodi, muandike muhtasari wenye saini za waliokuwepo kweli, ndipo mtume majina pamoja na sehemu anayotoka kila mmoja na anachokijua. Rasimu ya katiba ikiwa tayari, niletee ile sura ya bodi niipitie kabla haijapelekwa kwa Msajili.