Mzio wa mayai na chanjo ya homa ya mafua

SWALI: Mama yangu ana miaka 67 na anajiandaa kwenda Hija. Ameshauriwa achanjwe homa ya mafua, lakini akila mayai hutokwa na vipele. Nimesikia chanjo hiyo hutengenezwa kwa mayai. Je, kuna aina nyingine? Na kwa nini watu huirudia kila mwaka?

JIBU: Mama achanjwe. Vipele vya mayai havimzuii. Cha kuuliza ni kama aliwahi kupata mzio mkali kutokana na chanjo yenyewe ya homa ya mafua. Hapo ndipo daktari aamue kwanza.

Ni kweli chanjo nyingi huanzia kwenye yai la kuku lenye kiinitete cha siku kumi hivi. Kirusi hudungwa ndani, huachwa siku mbili tatu kizaliane, kisha majimaji huvunwa, virusi husafishwa, huuawa kwa kemikali kama formalini na kupasuliwa. Kinachoingia mwilini ni vipande tu, hasa hemaglutinini, protini ya juu ya kirusi ambayo kinga hujifunza kuitambua. Protini ya yai inayosalia kwa kawaida haifiki mikrogramu moja kwa dozi.

Mimi yai hunisumbua kwa sababu nyingine kabisa. Kirusi cha binadamu kikikuzwa humo, huweza kubadilika ili kiyazoee mazingira ya kuku, hasa aina ya H3N2. Mwili basi hufundishwa kutambua kitu ambacho si kile hasa kinachosambaa mitaani. Ndiyo maana zipo chanjo zinazokuzwa kwenye seli za mamalia maabara, na ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 isiyohitaji yai wala kirusi cha mafua: jeni ya hemaglutinini hupandikizwa kwenye seli za wadudu, nazo huizalisha protini hiyo. Hiyo hubeba mikrogramu 45 kwa kila aina ya kirusi, ilhali sindano ya kawaida ina 15.

Kurudia ni lazima kwa kuwa kirusi hakitulii na kinga nayo hupungua. Shirika la Afya Duniani huchagua virusi vya kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa nchi za kaskazini, Septemba kwa za kusini. Viwanda huhitaji takribani miezi sita baada ya hapo. Ukoo wa B/Yamagata, mojawapo ya aina nne za virusi vya mafua zilizokuwa kwenye chanjo, haujathibitishwa kusambaa tangu Machi 2020, hivyo chanjo zimerudi kutoka virusi vinne hadi vitatu.

Kwa umri wa mama, ulizia kwanza ile ya dozi kubwa (mikrogramu 60 kwa kila aina ya kirusi), yenye kiongeza nguvu (kiambato kinachochochea kinga zaidi), au hiyo ya seli za wadudu. Zisipopatikana, achome sindano yoyote ya homa ya mafua iliyopo, asisubiri. Ile ya kupuliziwa puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa na Marekani huishia miaka 49, kwa hiyo haimfai. Achanjwe angalau wiki mbili kabla ya safari, kinga ipate muda wa kujijenga.