Masizi kwenye kibadilisha joto cha boila ya gesi: kuyatoa, na kujua yanatoka wapi

Ndugu, umeuliza kama brashi ya waya na mafuta ya taa vinatosha kutoa masizi kwenye kibadilisha joto (sehemu inayohamisha joto la moto kwenda kwenye maji), kisha boila iwashwe kama kawaida. Hapana kwa yote mawili. Boila ya gesi iliyo sawa huwaka moto wa bluu na haitoi masizi. Ukiyakuta, gesi haipati hewa ya kuungua yote, na panapotoka masizi hutoka pia kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Izime leo. Isitoshe, masizi huzaa masizi: yakiziba mapezi (bati nyembamba za kibadilisha joto) moshi haupandi, hewa inapungua, moto unazidi kuwa wa njano.

Katika usafi wenyewe, kata umeme, funga koki ya gesi, acha boila ipoe kabisa. Piga picha nyaya kabla ya kuzichomoa. Vaa barakoa ya FFP2, yaani ya kuchuja vumbi laini, na glavu. Toa kofia ya moshi iliyo juu ya kibadilisha joto, na uchomoe kichomeo (sehemu ya chini gesi inapowakia) kabla hujagusa brashi, la sivyo masizi yote yatadondokea ndani yake na utakuwa umehamisha tatizo tu. Sugua kwa brashi ndefu ya nailoni, kutoka juu kwenda chini, kufuata mapezi. Waya wa chuma unapinda mapezi ya shaba na kuyakwaruza. Vuta unga kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini kabisa. Ile ya kawaida ya zulia itautema chumba kizima. Mwisho mulika tochi kwa chini: mwanga upite kwenye kila upenyo.

Masizi yenye utando wa mafuta hayatoki kwa brashi pekee. Hapo maji ya boila yanamwagwa kwanza, kibadilisha joto kinatolewa na kulowekwa nusu saa katika maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, kinasuuzwa, kinakaushwa kabisa, kisha kinarudishwa na mipira mipya ya kuzuia maji. Mafuta ya taa na petroli weka mbali kabisa. Siki nayo ni dawa ya chokaa inayoganda upande wa maji, masizi haiyawezi.

Sasa chanzo, ambacho wengi hukiruka. Mara nyingi ni vumbi na nyuzi za nguo zilizoziba njia za hewa za kichomeo. Brashi laini na upepo wa kompresa vinatosha. Tundu la nozeli, ncha inayotolea gesi, usilichokonoe kwa sindano, maana likipanuka kidogo tu gesi inazidi. Kama boila ilitengenezewa gesi asilia nawe unatumia ya mtungi, umepata jibu: ujazo mmoja wa methani unahitaji hewa mara 10 hivi, wa propani karibu mara 24, ndiyo maana nozeli za gesi ya mtungi huwa na tundu dogo zaidi. Angalia pia kiota cha ndege kwenye dohani, na matundu ya hewa ya chumba yaliyozibwa kuzuia baridi. Shinikizo la gesi ni kazi ya fundi mwenye leseni, mwenye manomita (kipima shinikizo) na kipima gesi za moshi. Hilo halikisiwi kwa kutazama moto.

Boila za kutonesha mvuke, yaani zinazopoza moshi hadi mvuke wake uwe maji, ni habari nyingine. Uchafu mweupe au wa kijivu kwenye alumini si masizi, gaskiti ya mlango wa kichomeo hubadilishwa kama kitabu cha boila kinavyoagiza, na mtego wa maji (bomba lililopinda ambalo maji yake huzuia moshi) ujazwe tena kabla ya kuwasha, usije ukapitisha moshi ndani.

Baada ya kufunga, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi ulichofungua, kuona kama kinavuja. Kwa boila inayovuta hewa ya chumbani, funga milango na madirisha, iwashe dakika 10, kisha sogeza njiti inayotoa moshi kwenye ukingo wa kofia. Moshi ukivutwa ndani, dohani inafanya kazi. Moshi ukirudi chumbani, zima boila na ufungue madirisha. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo tangu mwanzo wa jaribio hili.